Kumlipa mwenye mfumo wa kompyuta akuongezee kitu: peke yako, kwa mchango, au usubiri tu?

Mteja kaja anataka waya mita saba. Siyo roli, mita saba. Kwenye mfumo wetu wa mauzo, ule wa kompyuta tunaoulipia kila mwezi, waya upo kama "roli 1" na imeishia hapo, kwa hiyo muuzaji anakata, anaandika kwenye daftari la pembeni, halafu roli ikiisha ndo anaitoa kwenye mfumo kwa mkupuo, na ndo maana kuna siku kompyuta inasema tuna roli nne na ukienda stoo unakuta mbili na vipande. Misumari hivyohivyo, inaingia kwa katoni inatoka kwa kilo na robo kilo. Bati la kukata kwa mita, rangi ya ndoo ya lita 20 anakuja mtu anataka lita nne, yani kila kitu. Duka ni la vifaa vya ujenzi, la mjomba wangu, lipo Ngamiani, Tanga, mimi nashika mahesabu na kompyuta, na hii habari ya vipimo imetutoa jasho na hela pia.

Naandika sababu kuna ndugu yetu mmoja wa Muheza ana duka la dawa, juzi kaniuliza hivi wale wenye mfumo nikiwalipa wanaweza kuniwekea nikauza kwa vidonge badala ya boksi zima? Nikamwambia wanaweza, shughuli ipo kwenye unalipaje. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika kumi na moja, akasema kaka niandikie tu. Haya.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana mjomba mwenyewe kilimchukua muda. Ile hela ya kila mwezi unayolipia mfumo inakupa ruhusa ya kuutumia ulivyo, haikupi ruhusa ya kuamrisha. Mjomba alikuwa anasema "si nalipa kila mwezi? waniwekee!" Mjomba, umepanga nyumba. Kodi unalipa sawa, ila ukitaka dirisha jingine upande wa bahari unaenda kuongea na mwenye nyumba, mnapatana nani ananunua dirisha, na likishakaa ukutani siku ukihama haulibebi.

Sasa njia zenyewe. Zipo tano: tatu tumezipitia wenyewe, moja hatukuijaribu, na moja nimeiona kwa jirani.

KULIPA PEKE YAKO, KITU CHAKO PEKE YAKO

Hii ndo tuliyoanza nayo sababu ilionekana ya haraka na ya kibosi. Kampuni yenye mfumo ipo Dar, tukawapigia, wakasema milioni mbili. Mjomba kakubali kwenye simu, invoisi inakuja 2,360,000. Kumbe milioni mbili ilikuwa bila VAT, na VAT ni asilimia 18. Uliza mapema bei ni pamoja na VAT au bado, na kama biashara yako ni kampuni muulize mhasibu na habari ya kodi ya zuio, ile unayokata kwenye malipo ya mtu na kuipeleka serikalini, usije ukagombana na watu kwa kitu ambacho ni sheria.

Tukatoa nusu, wakatupa kijana, wiki sita kazi ikaisha. Na niwe mkweli, ilikuwa kazi nzuri. Unaingiza roli moja ya mita 100, unauza saba, inabaki 93, ripoti ya jioni imekaa sawa. Mjomba wiki nzima anawaita watu waje waone kwenye kioo.

Tatizo likaja miezi saba mbele. Wenzetu wanaotumia mfumo uleule wakapata apdeti, risiti mpya, kuunganisha na mambo ya TRA, wale wa mapato, kukawa kwepesi, sisi hatujapata. Tunapiga simu tunaambiwa nyie mpo kwenye nakala yenu. Yani ile kazi yetu hawakuiweka kwenye mfumo wa wote, walichukua mfumo wakaunakili pembeni wakatuwekea vipimo vyetu humo, na nakala ile ikabaki palepale ilipokatwa wakati mfumo wa wengine unaendelea na safari. Tukitaka apdeti tuhamishwe, kuhamishwa ni laki sita, na vipimo vyetu vitabidi viandikwe upya kiasi. Yule kijana aliyeviandika tulipomuulizia alishaacha kazi. Tanga tunaambiwa waja leo waondoka leo, lakini huyu alituzidi, huyu hata Tanga hakufika.

Msiseme ni hawa wetu tu wababaishaji. Ndo asili ya hii kazi. Chukua Odoo, ile programu ya Wabelgiji ya kuendesha biashara, wao kila mwaka wanatoa toleo kubwa jipya na kila toleo wanalitunza miaka mitatu, sasa wewe uliyeandikiwa moduli, yani kipande cha programu, yako ya peke yako kila ukipanda toleo lazima mtu aipitie tena, na huyo mtu anakula na ana nauli. Desturi ya wauza programu ni kuhesabu matunzo kama asilimia 15 mpaka 20 ya bei kwa mwaka. Kwa milioni mbili hiyo ni laki tatu mpaka laki nne kila mwaka, na hakuna aliyetutajia siku ile. Kwa hiyo usiulize "kutengeneza bei gani", uliza "kutengeneza na kukaa nacho miaka mitatu bei gani". Utashangaa.

Kuna wakati hii njia inafaa lakini. Kama jambo ni lako kweli na hakuna mwingine duniani mwenye shida nalo. Mtu wa shamba la mkonge anataka mfumo ujue robota za kilo 250 na madaraja, 3L kivyake UG kivyake, sasa huyo atachanga na nani? Mwenye duka la vitenge? Huyo alipe peke yake, aweke na matunzo kwenye mkataba. Au kama ni siri yako ya biashara, namna unavyopanga bei kwa mfano, na hutaki jirani aione. Ila kuuza waya kwa mita siyo siri jamani, kila duka la vifaa linauza waya kwa mita.

KULIPA PEKE YAKO LAKINI KIINGIE KWENYE MFUMO WA WOTE

Watu wengi hawajui kama hii ipo, na kampuni haitakwambia usipouliza. Unalipa, wanatengeneza, lakini kinawekwa kwenye mfumo ambao kila mteja anautumia, kila apdeti inakuja nacho. Na hapo una nguvu ya kupatana, maana unawaambia hiki mtaenda kuwauzia wengine, mtajisifia nacho kwenye demo mkiwaonyesha wateja wapya, kwa nini nilipe bei nzima? Sehemu ya bei waibebe wao, au wakupe miezi kadhaa bila ada ya mwezi. Wengine watakubali wengine watanuna.

Mjomba hii hakuipenda hata kidogo. "Nilipe mimi, afaidi yule wa barabara ya nane?" Anamaanisha mpinzani wake, jina silitaji, anajijua mwenyewe. Na ni hoja ya haki, mimi sikatai, inauma. Ila nikamwambia hivi: mjomba, kitu ukiwa nacho peke yako kikiharibika unapiga simu peke yako. Mtu mmoja, duka moja, Tanga, watakujibu kesho. Kikiwa kwa maduka mia mbili kikiharibika saa nne asubuhi simu zinaita mia mbili, saa sita kimeshatengenezwa. Yule wa barabara ya nane anakulindia kitu chako bure na hajui. Akakaa kimya, akaagiza kahawa, na kwa mjomba hiyo ni kukubali.

Kama ningerudi nyuma na ile milioni mbili ningeanzia hapa.

MCHANGO

Tuliingia huku baada ya yale ya nakala. Tukajikuta wenye maduka wanne tunatumia mfumo mmoja, sisi, mwingine wa Tanga hukuhuku, mmoja Korogwe, mmoja Lushoto, wote tunalia vipimo, wao walikuwa hawajawahi kulipia, sisi tumelipia tumeachwa. Kampuni ikakubali kuviingiza kwenye mfumo wa wote kwa milioni moja na laki sita. Laki nne kila mmoja. Linganisha na ile 2,360,000 uone.

Siyo kitu kigeni. Blender, ile programu ya kutengeneza katuni na picha za 3D, ilikufa kampuni yake mwaka 2002, aliyeianzisha, Ton Roosendaal wa Uholanzi, akaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili wawekezaji waiachie iwe huria, yani yeyote aitumie na kuibadili, na hela ikatimia ndani ya wiki saba tu. Mpaka leo ipo bure na watu wanaitumia kwenye filamu. QGIS ya ramani pia, vitu vingi mle ndani vililipiwa na kampuni au manispaa moja iliyokuwa na shida nacho, halafu dunia nzima ikapata.

Ila wasikudanganye, mchango una kero zake na kero yenyewe siyo hela, ni watu.

Kwanza nani anashika hela. Sisi tulikataa ishikwe na mtu, kila mmoja alituma mwenyewe kwenye lipa namba ya kampuni na skrini shoti kwenye grupu. Pili mnataka nini hasa. Nilidhani wote tunataka kitu kimoja, kumbe wa Korogwe mafundi wake wanaongea futi, anataka futi na inchi, wa Lushoto anataka ukikata kipande kikabaki kifupi mfumo ukiite taka usikihesabu kwenye stoku, sisi tunataka kihesabiwe sababu kwetu hata nusu mita ina mteja wake. Wiki tatu tunabishana grupuni kuhusu nusu mita ya waya! Mwishowe kijana wa kampuni akasema kila duka liwe na swichi yake ya kuchagua, akaokoa jahazi. Nashauri mkiwa zaidi ya watatu chagueni mmoja wa kuongea na kampuni, wengine waongee na yeye, maana kampuni ikipokea maneno manne tofauti itafanya lililo rahisi kwake.

Tatu, na hii ndo iliyomchefua mjomba mpaka kesho, yule wa pili wa Tanga siku ya kutoa hela akajitoa. Biashara mbaya, sijui mtoto kaenda shule. Tukabaki watatu, 533,000 na chenji kila mmoja. Tukalipa. Kitu kikatoka baada ya miezi mitano, kikaingia kwenye mfumo wa wote, na yeye akakipata siku ileile tuliyokipata sisi. Senti hajatoa. Kwenye mchango wa harusi usipochanga kadi hupati, siyo single wala dabo, unasikia muziki kutoka nyumbani. Huku kwenye programu asiyechanga anakaa meza ya mbele anakula pilau. Ndo ilivyo, kama hiyo itakunyima usingizi usiingie kwenye mchango, nenda ukasubiri.

KUSUBIRI

Bei sifuri. Tulikuwa tunataka ripoti ya madeni, nani anadaiwa na tangu lini, tukawaandikia tukasahau, miezi minane mbele tukaikuta imo. Bure.

Ujanja wa hapa ni mmoja: kabla hujasema una hela, uliza "hiki kipo kwenye mpango wenu?" Ukishataja hela hata kilichokuwa kwenye mpango kinageuka kuwa kazi maalum, na siyo lazima wawe wezi, ni binadamu. Kama kipo na kitatoka baada ya miezi mitatu, piga hesabu daftari la pembeni linakugharimu kiasi gani kwa miezi mitatu. Kwetu lilikuwa linagharimu kweli sababu vipande vinapotea na hakuna wa kumuuliza. Kwa mwingine ni usumbufu tu, avumilie.

Wengine wanalipa siyo ili kitengenezwe bali ili kiruke foleni. Mimi hiyo naiogopa. Fred Brooks, aliyesimamia ile OS/360, programu ya kuendeshea kompyuta kubwa za IBM, alishasema tangu 1975 kwamba kazi ya programu ikishachelewa ukiiongezea watu unaichelewesha zaidi, maana wale wa zamani wanaacha kazi waanze kuwafundisha wapya. Hela yako haiongezi masaa kwenye siku ya yule kijana, inasukuma tu kazi ya mtu mwingine pembeni, na kesho mwenye hela zaidi atasukuma yako.

PROGRAMU HURIA NA FUNDI WAKO

Hii ndo ya jirani yetu wa Chumbageni. Yeye hana kampuni wala ada ya mwezi, kachukua ERPNext, programu ya kuendesha biashara ya Wahindi wa Frappe, ambayo ni huria, sosi kodi, yani maandishi yanayoiunda, ipo wazi, kodi ya kompyuta siyo ya TRA, akamtafuta fundi amfungie kwenye seva, kompyuta inayoubeba mfumo. Anachotaka kiongezwe anamlipa fundi, na akigombana na fundi anaita mwingine kwa sababu kilichoandikwa anacho mkononi. Huo uhuru sisi hatuna.

Na kilichotuuma, siku moja nimekaa kwake naangalia, nakuta ERPNext vipimo imo tangu zamani, unaiambia roli moja ni mita 100 inageuza yenyewe. Odoo vilevile. Nilimwambia mjomba? Sijamwambia, na nyie msimwambie.

Ila jirani naye ana yake. Seva inalipiwa, bakapu, ile nakala ya akiba ya data, asipoangalia hakuna anayemwangalizia, na fundi wake alisafiri msibani wiki mbili mfumo ukagoma, duka likarudi kwenye daftari. Halafu mambo ya risiti za TRA alilazimika kulipia kivyake, wakati kwenye mfumo wetu wa wote yalikuja na apdeti. Kama una mtu wa kompyuta wa kudumu au wewe mwenyewe unayaweza, nenda huku bila kusita. Kama mtu wa kompyuta ni mpwa anayeshika na mahesabu na kaunta siku za Jumamosi, yani mimi, hapana.

HABARI YA KUANDIKISHANA

Njia yoyote utakayochukua, andika. Kwetu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda na programu za kompyuta, na usijidanganye kwamba ukishatoa hela basi kitu ni mali yako, kama unataka kiwe chako iandikwe hivyo, na mara nyingi hukihitaji kiwe chako, unahitaji tu kisipotee. Sisi mkataba wa kwanza ulikuwa ukurasa mmoja na robo tatu yake ni namna ya kulipa. Wa pili tuliweka sentensi moja ambayo naona ndo ilikuwa na thamani kuliko zote, kwamba kitu hiki kitakuwemo kwenye matoleo yote yatakayofuata bila malipo mengine.

Na malipo ya mwisho yasitoke kwa kuona demo. Kwenye demo kila kitu kinafanya kazi. Sisi tuliandika majaribio matatu ya kikwetu: uza mita saba toka kwenye roli ya mita 100, mteja arudishe mita mbili, halafu funga siku uone ripoti inasema 95. Jaribio la kurudisha ndo liligoma, mara mbili, na hela ya mwisho ikakaa mfukoni mpaka likapita. Wakikuomba data zako wajaribie, wape bidhaa na bei, usiwarushie WhatsApp orodha ya wadaiwa na namba zao za simu, ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata bila sheria hayo ni madeni ya watu.

Sasa wewe wa Muheza. Kuuza kwa vidonge kila duka la dawa linataka, kwa hiyo ya peke yako na nakala yako pembeni iondoe kabisa kichwani. Wapigie uliza kama kipo kwenye mpango. Kama kipo na siyo mbali, subiri. Kama hakipo, nyie wenye maduka ya dawa mnajuana, tafuta wawili watatu, hela kila mtu atume mwenyewe. Ukikosa mtu lipa mwenyewe lakini kiingie kwa wote na upatane bei. Na uliza tarehe ya kuisha ya dawa itakuwaje wakifungua boksi, maana hilo sisi wa misumari hatukuwa nalo na nahisi ndo litakalowatoa jasho.

Mjomba ameshaanza tena huku, anataka kamisheni za mafundi ziingie kwenye mfumo, fundi akileta mteja ahesabiwe chake. Hapa ndo sina jibu, kwa sababu kila duka la vifaa linatoa kamisheni na hakuna hata moja litakalokubali mbele ya wenzake kwamba linatoa, achilia mbali kusema ni asilimia ngapi. Mchango utauitisha vipi? Nimemwambia ngoja nimpigie yule wa Korogwe nimsikilizie kwanza, kasema mpigie, ila usimtajie kiasi.